Kubisha na Kwenda

Jambo ambalo Dobi hakuliona lilikuwa likining'inia mbele ya macho yake, juani, kila siku ya kazi. Ilikuwa kamba ya nguo. Mtu mwingine angesamehewa kwa urahisi, maana nani huwa na haja ya kukagua nguo za jirani? Lakini yeye riziki yake ilikuwa nguo. Angeshika kola ya shati akakuambia mwenyewe huinamisha shingo upande gani akiandika. Angeitazama foronya akajua kama nyumbani mle mna mtoto mchanga au mna mtu anayelia peke yake. Hata hivyo, kwa miezi mingi, aliitazama kamba iliyokuwa ng'ambo ya ukuta mfupi wa uani kwake, na hakuona ila nguo. Wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Juu ya nguo za jirani hawakutuachia neno.

Nyumba ya ng'ambo ilikuwa ya Bibi Mkunga. Enzi za kazi yake, nusu ya watu wa mtaa ule walianza maisha mikononi mwake, wakiteleza kama sabuni, naye akiwakaripia hadi walie. Binti wa Dobi, ambaye sasa alikuwa ameolewa mbali, alikuwa mmoja wao. Bibi mwenyewe hakujaliwa mtoto wa kumzaa, na mtu alipomwonea huruma kwa hilo alijibu, "Ninao wengi mno. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja anayeniletea kuni." Alipostaafu alijenga nyumba ya vyumba vitatu, akapanda maua mbele, akanunua redio. Kisha nyonga zikaanza kumsumbua, na hospitali ikaanza kula. Ilikula makochi, ikala cherehani, ikamalizia na redio. Kila kitu kilitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, mwenyewe akiwa amesimama kizingitini na mkongojo wake, akiwaambia wapita njia kwamba anapunguza vumbi.

Dobi alielewa vumbi lile lilikuwa la namna gani. Ndiye aliyelipeleka jina la Bibi mbele ya Kamati ya Huruma ya kanisa lao.

Kamati ile ilikuwa na desturi yake, na desturi ile ilikuwa na asili yake. Zamani, mhitaji aliitwa mbele ya usharika, akapewa mfuko wa unga huku kwaya ikiimba, na watu wakapiga makofi. Siku moja aliitwa mshona viatu mmoja pamoja na wanawe. Watoto wa benchi la nyuma wakacheka. Baada ya siku chache nyumba ya mshona viatu ilikutwa wazi, jikoni mna majivu tu, na hakuna aliyejua familia ile ilielekea wapi. Mfuko wa unga waliuacha katikati ya sakafu, haujafunguliwa. Mchungaji wa wakati huo alilia madhabahuni. Tangu hapo kamati iliapa kutoa sadaka kwa siri, kama Bwana alivyoagiza, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Kapu lilipelekwa Jumamosi kunapopambazuka, likawekwa kizingitini. Mpelekaji akabisha hodi kwa kugonga mlango, akaenda zake bila kugeuka. Mhitaji hakuhojiwa. Hakutembelewa, asije akajiona anachunguzwa. Kapu tupu lilirudi lenyewe, likiwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya kanisa. Tenda wema, nenda zako: methali hiyo waliishika kama amri ya kumi na moja.

Waliipenda desturi ile, na si kwa unafiki. Ila kuna upole unaofanana sana na woga, na mtu aweza kuishi navyo viwili katika chumba kimoja miaka mingi asijue kipi ndicho kinachomfungulia mlango na kipi kinachomfungia.

Kisha akaja mpwa.

Alifika majira ya mvua na begi moja, mtoto wa marehemu dada mkubwa wa Bibi, mwanamume wa makamo mwenye sauti laini na viatu visafi. Alisema amekuja kumwuguza mama yake mdogo. Mtaa ulimpa jina la Bwana Asante kabla hata haujamjua, kwa sababu ungemkanyaga mguu naye angekushukuru. Kanisani aliketi benchi la tatu, akaimba sauti ya chini bila kukosea. Ukimwuliza habari za mgonjwa, aliinamisha kichwa.

"Mama mdogo anaendelea, asante. Analala sana. Daktari amekataza wageni mpaka apate nguvu. Lakini anawaombea wote. Asanteni sana."

Daktari alikataza wageni, na kamati ilijikataza kutembelea. Makatazo hayo mawili yalishikana kama kufuli na komeo lake, na watu wakarudi majumbani wakisema, kumbe wapwa wema bado wapo.

Makapu yalipangwa siku ya Ijumaa katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, chumba chenye harufu ya nta na vitunguu. Mwenyekiti alikuwa Seremala, mtu mnene, mwepesi wa kucheka. Ijumaa moja aliingia akipangusa vumbi la mbao mikononi.

"Nyumba ya kwa Bibi wanaomba nyongeza," alisema. "Mpwa wake alinishika mkono pale mlangoni baada ya ibada."

"Wanaomba nini?" Dobi aliuliza.

"Wembe. Na dawa ya viatu, nyeusi."

Dobi alicheka. "Dawa ya viatu? Mtu yuko kitandani! Anakwenda wapi, arusini?"

"Labda malaika wamemwambia ajiandae. Huko juu hawapokei viatu vyenye vumbi."

"Kaka, mdomo wako huo utakufungia mlango wa mbinguni."

"Wakinifungia si wataniita mimi mwenyewe nije kuukarabati? Fundi milango ni nani?" Seremala alijishika tumbo. "Juzi wameomba ubao wa kuziba dirisha, upepo unamwumiza mgonjwa. Nikatoa. Wakaomba na komeo. Nikatoa, tena la chuma, la kudumu. Sasa wembe unanishinda nini?"

Mchungaji, kijana mpole aliyekuwa akifunga vitunguu katika karatasi, alitabasamu nao kisha akakohoa kidogo. "Ndugu zangu, mhitaji hahojiwi. Leo tukiuliza wembe wa nini, kesho tutauliza chumvi ya nini."

Basi waliweka. Dobi mwenyewe ndiye aliyetumbukiza kopo la dawa ya viatu kandokando ya kapu, kwa uangalifu, lisije likavunja mayai aliyoyatenga kwa sababu Bibi alikuwa amebakiwa na meno machache.

Siku za katikati ya juma lililofuata, Bwana Asante alisimama mlangoni pa chumba cha mbele cha Dobi, chumba ambacho ndicho kilikuwa duka na kiwanda. Pasi ya mkaa ilikuwa imepata moto. Mashuka ya nyumba ya wageni yalijaa mezani hadi kidevuni. Alikuwa amebeba mashati meupe mawili.

"Mama, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Naomba kola ziwe na wanga wa kutosha. Nina watu wa maana wa kuonana nao."

"Marahaba, mwanangu. Watu wa maana gani hao, umepata mchumba?"

Alicheka taratibu. "Bado, mama. Mambo ya nyumba tu."

Dobi alikumbuka kwamba siku chache kabla aliwaona wanaume wawili uani kwa Bibi, mmoja akishika ncha ya futi ya kupimia, mwenzake akitembea nayo hadi ukutani. Aliwasalimu, wakamwitikia wakidai ni wageni wa Bibi.

"Na mgonjwa anasemaje?" aliuliza, akiyapokea mashati. "Sikiliza, uniletee mashuka yake. Usione haya. Mimi nguo za wagonjwa sizionei kinyaa, na kwa Bibi sichukui hata senti. Kuuguza ni kufua, najua mimi. Niliuguza mume wangu. Kwa siku shuka moja, mara nyingine tatu."

"Asante, mama. Asante sana. Yanafuliwa palepale nyumbani."

Aliondoka akikwepa madimbwi ili asichafue viatu. Viling'aa kweli.

Dobi alichukua beseni la mashuka mabichi akatoka uani kuanika. Alipanga vibanio mdomoni kama kawaida yake. Alipoinua mikono, macho yalipita juu ya ukuta mfupi yakaikuta ile kamba nyingine. Palikuwa na suruali. Palikuwa na fulana, soksi, taulo moja, chupi za kiume. Yanafuliwa palepale, alisema. Dobi akatafuta shuka. Akatafuta gauni, kanga, kitambaa cha kichwa, hata kipande cha nguo ya mwanamke. Kisha hakuwa akitafuta tena kwenye kamba ya leo. Alikuwa akitafuta kwenye kamba ya jana, na ya mwezi uliopita, na ya siku zote tangu mvua zilipokatika, na zote zilikuwa suruali na fulana na soksi. Vibanio vikamtoka mdomoni kimoja baada ya kingine.

Mgonjwa wa kitandani hukosaje shuka la kuanikwa? Kulikuwa na majibu mawili tu. Ama kitanda kile hakikuwa na mtu, ama mtu alikuwapo na hakuna aliyembadilishia. Dobi alishangaa kujikuta akiliombea lile jibu la pili.

Alisogea hadi ukutani akatega sikio. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa limezibwa kwa ubao mzuri, uliorandwa vizuri. Hapakusikika kitu, isipokuwa nzi waliokuwa wakizunguka kwenye ufa wa ubao, wakiingia na kutoka kama wenye nyumba.

Alimkuta Mchungaji akimwagilia bustani ya kanisa. Alimweleza yote, akijisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa mepesi yalipotamkwa: kamba, soksi, nzi. Mchungaji aliweka ndoo chini. Uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Mama, na kama sivyo? Kama wanaanika ndani? Tutakuwa tumemvua nguo mama wa watu mbele ya mtaa mzima. Unakumbuka ya mshona viatu."

"Nakumbuka, Mchungaji. Nilikuwa benchi la mbele, nikipiga makofi."

"Basi tuvute subira mpaka Ijumaa, tukae kikao. Penye wazee hapaharibiki neno."

Dobi alirudi nyumbani. Hilo ndilo alilojilaumu nalo baadaye kuliko yote, kuliko hata upofu wa kamba: kwamba aliliona, akarudi nyumbani, akapiga pasi. Yale mashati meupe mawili aliyatia wanga, akayanyoosha hadi yakasimama yenyewe, na mwenyewe akaja kuyachukua akiwa na shukrani tele. Usiku ule na uliofuata alilala ameuegemeza mgongo ukutani upande wa jirani, akiogopa kusikia kitu, na akiogopa zaidi kutosikia.

Kikao cha Ijumaa kiliamua kwamba kapu lipelekwe kama kawaida, kisha Mchungaji atafute nafasi ya kuzungumza na mpwa kwa hekima, faraghani. Ilikuwa zamu ya Seremala. Kulipopambazuka Jumamosi, Dobi alimkuta langoni pa Bibi, kapu mkononi.

"Nipe mimi," alisema.

"Dada, tumekubaliana."

"Mmekubaliana ninyi. Nipe kapu, kaka. Wewe kaa hapo langoni. Ukiona naondoka kabla ya kumwona Bibi, unizibie njia kwa hilo pandikizi la mwili wako nirudi."

Seremala akampa kapu.

Dobi aliweka kapu kizingitini, akagonga. Zamani, mkono ukishagonga miguu ilikuwa ikijua la kufanya, na sasa ilimwuma kwa kutaka kwenda. Alisimama. Ndani palikuwa kimya, kimya cha mtu anayengoja nyayo zipotee. Kisha komeo la mlango wa mbele likasogezwa, mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, na mkono ukatoka ukipapasa chini, ukashika mpini wa kapu.

"Hodi," Dobi alisema.

Mkono ukaganda. Mlango ukafunguka zaidi. Bwana Asante alikuwa amenyoa vizuri, shati jeupe, kola imesimama.

"Mama! Shikamoo. Leo umechelewa kuondoka."

"Marahaba. Nimekuja kumwona Bibi."

"Asante sana. Amelala."

"Nitamngoja aamke."

"Daktari..."

"Daktari yupi, mwanangu? Nitajie jina, nimpelekee kapu lake na yeye."

Mpwa alimtazama bila hasira. Lau angefoka, lau angemsukuma, Dobi angejua la kufanya. Badala yake alijiweka pembeni, akanyoosha mkono kuelekea ndani, kama wanavyofanya wahudumu wa mlangoni kanisani. "Karibu," alisema. "Asante kwa kuja."

Ukumbi ulikuwa umefagiliwa. Mezani palikuwa na sahani moja, kijiko kimoja, maganda ya mayai. Harufu ilianzia katikati ya ukumbi. Kabla ya hapo hapakuwa na harufu yoyote, kana kwamba ilifundishwa mpaka wake. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo la chuma, jipya, imara. Lilifungwa kwa nje.

Seremala alikuwa ameshaingia. Alilitambua komeo lake, akatoa sauti ambayo Dobi hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mwanamume mzima. Ni yeye aliyelifungua.

Bibi Mkunga alikuwa hai. Alikuwa amelala ubavu juu ya shuka ambalo rangi yake ya kwanza haikujulikana tena, mdogo kiasi cha kutosha katika beseni. Kando yake palikuwa na kikombe cha maji, na mkongojo wake umeegemezwa kwenye ukuta wa mbali, mahali ambapo asingeweza kuufikia. Macho yalifunguka taratibu kwenye mwanga.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bibi. Dobi wako."

"Ndiye uliyekuwa ukibisha?"

"Leo ni mimi. Tulikuwa tukibisha kwa zamu."

Bibi alikusanya pumzi. "Nilikuwa nikiwasikia. Kila mkibisha naita. Mnakimbia." Midomo ikatetemeka kwa kitu ambacho, kwa mtu mwingine, kingeitwa kicheko. "Watu wazima na akili zenu, mnabisha na kukimbia, kama watoto watukutu."

Dobi alipiga magoti. "Ninyanyue," Bibi alisema. "Usinitie mkono kwapani, utanivunja. Pitisha mkono chini ya nyonga. Hivyo. Nani alikufundisha kuuguza?"

Walipokuwa wakimfunika shuka safi, Dobi aliuliza yule mpwa alikuwa akitaka nini. Bibi alijibu macho yakiwa darini. Alitaka kidole cha Bibi tu. Kidole gumba, katika karatasi za nyumba. Kila asubuhi aliingia na wino na sahani ya chakula, akaviweka pamoja. "Nikamwambia, nyumba hii nimeijenga kwa vilio vya watu, haiuzwi. Akasema asante, akaondoka na vyote viwili."

Bwana Asante alisimama ukumbini wakati wote huo. Seremala alipopita na Bibi mikononi kama mzigo wa nguo, mpwa aliwafungulia mlango. Kisha alivaa viatu vyake vilivyong'aa, akachukua begi lile moja, akatoka langoni akielekea barabarani, wala hakuongeza mwendo. Hakuna aliyemzuia. Dobi alijiuliza baadaye ni kwa nini, na alichokipata ni hiki tu, kwamba hakuna kati yao aliyekuwa amezoea kumtazama mtu usoni katika mlango ule.

Polisi walikuja wakauliza. Bibi, akiwa amelazwa katika chumba cha mbele cha Dobi kati ya mashuka ya nyumba ya wageni, aliwaambia hana mashtaka. Mchungaji alimsihi kwa upole.

"Mchungaji," alisema, "yule nilimtoa mimi tumboni mwa dada yangu, kwa mikono hii, akiwa amejifunga kitovu shingoni. Nilimfungua. Siwezi kwenda kumfunga." Kisha, baada ya kupumzika, "Lakini ninyi mliokuwa mkimlisha, fanyeni mnavyoona."

Mchungaji hakurudi kulizungumzia tena. Wale wanaume wenye futi walikuja mara moja, wakamkuta Seremala uani aking'oa ubao wa dirisha, wakaondoka bila kuuliza bei. Bwana Asante hakuonekana tena mtaani. Hata hivyo Dobi, mtu yeyote akimwambia asante kwa sauti laini, hadi leo huweka pasi chini na kumtazama.

Bibi aliishi. Aliweza kuketi, kisha kusimama na mkongojo, ingawa ngazi hakupanda tena. Kapu la kamati alilikataa, na kanisani hakurudi. Jumapili huketi barazani kwake, na waumini wanaopita humwamkia wakiwa wameinamisha macho.

Kamati ya Huruma haiachi tena kapu mlangoni. Anayelipeleka hungoja afunguliwe, huingia, huketi, na haondoki kabla ya kumwona mwenye haja na kuzungumza naye. Baadhi ya wahitaji hawalipendi jambo hilo, na familia mbili zimekataa msaada kwa sababu yake. Hizo nazo hutembelewa, mikono mitupu.